Garrincha: Winga aliyeipa Brazil furaha akafa fukara

Siku moja baada ya kifo cha Manuel Francisco dos Santos, mwezi Januari 1983, gari la kikosi cha zimamoto liliondoka katika Uwanja wa Maracanã jijini Rio de Janeiro likiwa limebeba jeneza lililofunikwa bendera ya klabu ya Botafogo. Maelfu ya watu walijipanga kando ya barabara kumuaga. Msafara ulielekea Pau Grande, mji mdogo wa kiwanda cha nguo ulio chini ya milima, kaskazini mwa jiji hilo, mahali marehemu alikozaliwa na kujifunza kucheza mpira.

Aliyekuwa ndani ya jeneza hilo alikuwa na umri wa miaka 49. Alikuwa ameshiriki kuipatia Brazil Kombe la Dunia mara mbili, mwaka 1958 na mwaka 1962, na mara ya pili ndiye aliyekuwa nguzo ya ushindi. Hata hivyo alifariki akiwa fukara, mwili wake umeharibiwa na pombe. Ulimwengu wa soka ulimfahamu kwa jina la Garrincha. Wananchi wa Brazil walimpa pia jina jingine, Furaha ya Watu.

Mtoto wa mji wa kiwanda

Garrincha alizaliwa tarehe 28 Oktoba 1933 katika familia ya wafanyakazi. Maisha yote ya Pau Grande yalizunguka kiwanda cha nguo cha kampuni ya América Fabril. Nyumba walizokaa wafanyakazi zilikuwa za kampuni, na hata timu ya mpira ilikuwa ya kiwanda. Baba yake alikuwa mlinzi kiwandani hapo. Alikuwa pia mnywaji mkubwa wa pombe kali ya miwa, kinywaji ambacho katika mji ule kilikuwa rahisi kupatikana kuliko dawa. Mtoto alikua akikiona kinywaji hicho kama sehemu ya kawaida ya maisha.

Alizaliwa na maumbile yasiyo ya kawaida. Mguu mmoja ulikuwa mfupi kuliko mwingine kwa sentimita kadhaa, na miguu yote miwili ilipinda kuelekea upande mmoja, kama miti iliyokua katika upepo usiokoma. Uti wa mgongo wake nao haukunyooka. Kwa kuwa alikuwa mdogo wa umbo, dada yake Rosa alimpa jina la ndege mdogo wa rangi ya kahawia anayeitwa garrincha, na jina hilo likamganda maisha yake yote.

Utoto wake ulikuwa wa kuogelea mtoni, kuwinda ndege na kucheza mpira. Shule haikumvutia. Alipofikisha umri wa miaka 14 aliingia kiwandani kama walivyofanya vijana wote wa mji ule. Bidii yake kazini haikuwa ya kusifiwa, lakini wakubwa walimvumilia kwa sababu timu ya kiwanda ilimhitaji. Mwaka 1952 alimwoa Nair, msichana waliyefanya naye kazi kiwandani, na katika miaka iliyofuata ndoa hiyo ilijaliwa watoto wanane, wote wa kike.

Hakuwa kijana mwenye kiu ya kuwa maarufu. Mpira kwake ulikuwa mchezo, si ngazi ya kupandia. Wenzake wa Pau Grande ndio waliokuwa wakimsukuma aende kujaribiwa na klabu kubwa za Rio de Janeiro, na kwa muda mrefu juhudi hizo hazikuzaa matunda. Makocha waliotazama miguu yake hawakuona sababu ya kuendelea kumtazama.

Siku ya majaribio Botafogo

Mwaka 1953 alifika katika klabu ya Botafogo. Katika mazoezi ya majaribio aliwekwa upande wa winga ya kulia, na aliyepewa kazi ya kumkaba alikuwa Nílton Santos, beki wa kushoto wa Timu ya Taifa ya Brazil na mmoja wa walinzi bora kabisa duniani wakati huo. Kijana wa kiwandani alimpita kwa chenga beki huyo mashuhuri mbele ya watu wote.

Mchezaji mwingine wa hadhi ya Nílton Santos angeweza kuona fedheha. Yeye aliwashauri viongozi wa klabu wamsajili kijana huyo bila kuchelewa, kwa kuwa hakutaka siku moja akutane naye akiwa amevaa jezi ya timu pinzani. Tangu siku hiyo urafiki wao haukuvunjika. Nílton Santos aliendelea kumtunza Garrincha kama mdogo wake, ndani na nje ya uwanja.

Tarehe 19 Julai 1953 Garrincha alianza kuichezea Botafogo katika mashindano ya jimbo la Rio dhidi ya Bonsucesso, na alifunga mabao matatu. Kwa miaka 12 iliyofuata jezi namba 7 ya klabu hiyo ilikuwa yake. Akiwa pamoja na Nílton Santos, kiungo Didi na baadaye Zagallo na Amarildo, aliiwezesha Botafogo kutwaa ubingwa wa jimbo mwaka 1957, 1961 na 1962. Aliifungia klabu hiyo mabao zaidi ya 200, idadi kubwa kwa winga ambaye kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwatengenezea wenzake nafasi.

Uchezaji wake ulikuwa na fumbo moja ambalo mabeki hawakulipatia jibu. Karibu kila mara alifanya jambo lile lile. Alisimama na mpira mbele ya beki, akainamisha mwili kuelekea kushoto, kisha akachomoka kulia na kupiga krosi. Kila beki nchini Brazil alijua kwamba atapita kulia. Hakuna aliyejua atapita lini. Aliinamisha mwili mara moja, mara mbili, pengine mara tatu, mpira ukiwa umetulia chini, na beki alipoyumba tu, Garrincha alikuwa amekwisha kumwacha. Miguu iliyopinda ilimfanya awe na mwegemeo ambao mchezaji mwingine hakuweza kuuiga wala mpinzani kuusoma.

Mara nyingine alimpita beki, akamsubiri arudi, akampita tena. Watazamaji walicheka. Hata mashabiki wa timu pinzani walijikuta wakicheka, na hiyo ndiyo asili ya jina la Furaha ya Watu. Lakini makocha walikuna vichwa, kwa kuwa hawakuwa na hakika kama mchezaji huyo alikuwa akicheza kwa ajili ya ushindi au kwa ajili ya kujifurahisha.

Uswidi, 1958

Shaka hiyo nusura imgharimu. Mwezi Mei 1958, Brazil ikiwa njiani kwenda kwenye Kombe la Dunia nchini Uswidi, ilicheza mechi ya kirafiki dhidi ya Fiorentina ya Italia. Garrincha aliwapita mabeki, akampita golikipa, akabaki na goli tupu mbele yake. Badala ya kufunga, alisubiri beki mmoja arudi, akampiga chenga nyingine, ndipo akaingia na mpira golini. Brazil ilishinda mabao 4-0, lakini viongozi wa timu hawakufurahi. Aidha, mwanasaikolojia wa timu, João Carvalhaes, alikuwa amewapima wachezaji kwa maswali na michoro, na matokeo ya Garrincha yalikuwa ya chini. Ushauri uliotolewa ni kwamba hafai kwa mashindano yenye shinikizo kubwa.

Brazil ilicheza mechi mbili za kwanza bila yeye. Iliifunga Austria na kutoka sare ya 0-0 na Uingereza. Mechi ya tatu, iliyochezwa tarehe 15 Juni mjini Gothenburg, ilikuwa dhidi ya Umoja wa Kisovieti, timu iliyosifiwa kwa mazoezi yake ya kisayansi na iliyokuwa na golikipa Lev Yashin. Kocha Vicente Feola aliamua kuwaingiza wachezaji wawili ambao hawakuwahi kucheza Kombe la Dunia, Garrincha na kijana wa miaka 17 aliyeitwa Pelé.

Mpira ulipoanza tu, Garrincha alipewa pasi upande wa kulia, akawapita walinzi na kupiga shuti lililogonga mwamba. Muda mfupi baadaye Pelé naye aligonga mwamba. Katika dakika ya tatu Vavá akafunga bao la kwanza. Dakika hizo tatu zimebaki katika kumbukumbu za soka kama mwanzo wa enzi mpya. Brazil ilishinda 2-0.

Tarehe 29 Juni, katika fainali dhidi ya wenyeji, Uswidi ilitangulia kupata bao. Mara mbili Garrincha alimpita beki wake upande wa kulia, akafika karibu na mstari wa goli na kurudisha krosi ya chini, na mara zote mbili Vavá alifunga. Brazil ilishinda mabao 5-2 na kutwaa Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza. Miaka minane kabla yake nchi hiyo ilikuwa imelia kwa kufungwa na Uruguay katika Uwanja wa Maracanã. Sasa kilio hicho kilipata faraja, na mmoja wa walioileta alikuwa mtu ambaye wataalamu walisema hafai.

Baada ya sherehe, Garrincha alirudi Pau Grande. Alicheza mpira na marafiki zake wa utotoni na kunywa nao pombe kama zamani.

Chile, 1962

Miaka minne baadaye Brazil ilikwenda Chile kutetea ubingwa. Katika mechi ya pili, dhidi ya Chekoslovakia, Pelé aliumia na mashindano yake yakaishia hapo. Timu iliyopoteza mchezaji wake maarufu kuliko wote ilihitaji mtu wa kuibeba. Garrincha, ambaye hakuzoea kubebeshwa jukumu lolote, aliibeba.

Katika robo fainali dhidi ya Uingereza, iliyochezwa Viña del Mar, alifunga mabao mawili. La kwanza lilikuwa la kichwa, jambo ambalo halikutarajiwa kwake, na la pili lilikuwa la shuti la mbali. Brazil ilishinda 3-1. Katika nusu fainali jijini Santiago, dhidi ya wenyeji Chile, alifunga tena mabao mawili katika ushindi wa 4-2. Karibu na mwisho wa mechi hiyo, baada ya kuchezewa rafu mfululizo, alilipiza kwa kumpiga teke mpinzani na mwamuzi akamtoa nje. Alipokuwa akitoka uwanjani alirushiwa kitu kutoka jukwaani na kuumizwa kichwani.

Kulikuwa na hofu kwamba angekosa fainali. Suala hilo lilivuka mipaka ya michezo. Waziri Mkuu wa Brazil, Tancredo Neves, aliingilia kati kwa kutuma ujumbe wa kumwombea mchezaji huyo, na hatimaye kamati ya nidhamu ilimruhusu kucheza. Tarehe 17 Juni 1962 Garrincha aliingia uwanjani akiwa na homa. Chekoslovakia ilitangulia kufunga, kisha Amarildo, Zito na Vavá wakaipa Brazil ushindi wa 3-1. Garrincha alimaliza mashindano akiwa na mabao manne, miongoni mwa wafungaji bora, na alitajwa kuwa mchezaji bora wa mashindano yale.

Kwa muda wa siku chache serikali, viongozi wa soka na magazeti ya nchi nzima walishughulika kwa ajili ya mtu mmoja, kwa kuwa miguu yake ilihitajika Jumapili. Nguvu ya namna hiyo haikuonekana tena pale yeye alipoihitaji.

Goti na mikataba

Wakati wa ushindi wa Chile, magoti ya Garrincha yalikuwa tayari yamechoka. Miguu iliyopinda ilibeba uzito kwa namna isiyo sawa, na kila mchezo ulisaga viungo zaidi. Botafogo ilipata fedha nyingi kwa ziara za nje ya nchi, na waandaaji wa ziara hizo walitaka kumwona Garrincha akicheza. Alichomwa sindano za kupunguza maumivu, akaingia uwanjani, akarudi kuchomwa tena. Alifanyiwa upasuaji wa goti mwaka 1964 akiwa amechelewa. Kasi ya kuchomoka kulia, ambayo ndiyo ilikuwa silaha yake, haikurudi.

Katika masuala ya fedha alikuwa kama mtoto. Inasimuliwa kwamba aliwahi kutia saini mikataba kabla haijaandikwa kiasi cha mshahara, akiwaachia viongozi wa klabu wajaze wenyewe. Wachezaji wenzake wasiokuwa na jina kama lake walilipwa vizuri kuliko yeye. Hakuwa na mwanasheria wala mshauri, na klabu haikuwa na sababu ya kumkumbusha thamani yake.

Wahenga walisema ng'ombe akivunjika mguu malishoni hukimbilia zizini. Kwa Garrincha, zizi lilimfungia mlango. Mwaka 1966 Botafogo ilimuuza kwa klabu ya Corinthians ya São Paulo. Mwaka huo huo aliitwa tena katika Timu ya Taifa kwa Kombe la Dunia nchini Uingereza. Alifunga bao la mpira wa adhabu katika ushindi wa 2-0 dhidi ya Bulgaria, kisha Brazil ikafungwa 3-1 na Hungaria. Hiyo ilikuwa mechi yake ya 50 kwa taifa lake, ya mwisho, na ya pekee ambayo alipoteza. Brazil haikuwahi kufungwa katika mechi yoyote ambayo yeye na Pelé walicheza pamoja.

Elza Soares na miaka ya giza

Tangu mwaka 1962 maisha ya Garrincha yalikuwa yameungana na ya Elza Soares, mwimbaji mashuhuri wa samba aliyetoka katika umaskini kama yeye. Garrincha alimwacha Nair na watoto wanane, na jamii ilikasirika. Hasira hiyo haikumwangukia mwanamume aliyeondoka nyumbani kwake, bali mwanamke aliyempokea. Elza alitukanwa hadharani, na nyumba yao ilishambuliwa. Wakati huo huo madai ya matunzo ya watoto yalimfikisha Garrincha mahakamani.

Mwezi Aprili 1969 Garrincha, akiwa anaendesha gari, aligonga lori barabarani. Mama yake Elza, aliyekuwa ndani ya gari, alifariki dunia. Garrincha hakupona jeraha la moyo la siku ile, na unywaji wake ukazidi. Wawili hao walihamia Italia kwa muda, ambako aliajiriwa kutangaza kahawa ya Brazil. Mtu aliyekuwa sura ya furaha ya taifa alisimama katika maonesho ya biashara akisalimiana na wanunuzi.

Elza alijitahidi kumwachisha pombe. Alizunguka kutoka baa moja hadi nyingine kumtafuta, na aliwaomba wenye baa wasimuuzie. Walijaliwa mtoto mmoja wa kiume. Lakini ulevi ulileta ugomvi, na Elza alikuja kueleza baadaye kwamba alipigwa. Mwaka 1977 walitengana.

Kabla ya hapo, Garrincha alikuwa amejaribu kurejea uwanjani mara kadhaa. Alicheza kwa muda mfupi nchini Colombia, kisha Flamengo, na mwisho klabu ndogo ya Olaria mwaka 1972. Tarehe 19 Desemba 1973 iliandaliwa mechi ya kumuaga katika Uwanja wa Maracanã, na watu wapatao 131,000 walihudhuria. Alicheza sehemu ya kipindi cha kwanza, kisha akauzunguka uwanja akiwapungia mkono watazamaji. Waliomwona siku hiyo walimlilia akiwa bado hai.

Mwisho na kumbukumbu

Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya kuingia na kutoka hospitali. Ini lilikuwa limeharibika. Tarehe 20 Januari 1983 alifariki dunia jijini Rio de Janeiro. Mwili wake uliwekwa Maracanã ili wananchi watoe heshima za mwisho, kisha ukapelekwa Pau Grande na kuzikwa katika makaburi ya Raiz da Serra, wilayani Magé.

Elza Soares aliishi miaka 39 zaidi, akiwa miongoni mwa sauti kubwa za muziki wa Brazil. Alifariki tarehe 20 Januari 2022, siku na mwezi ule ule aliofariki Garrincha.

Uwanja wa taifa uliopo Brasília, mji mkuu wa nchi hiyo, umepewa jina la Mané Garrincha. Ulijengwa upya kwa gharama kubwa na ukatumika katika Kombe la Dunia la mwaka 2014. Miaka mitatu baadaye, mwezi Mei 2017, habari zilienea kwamba wasimamizi wa makaburi alikozikwa hawakuwa na uhakika mabaki yake yako wapi.

Taifa lililoandika jina lake juu ya uwanja mkubwa halikuwa limetunza kumbukumbu ya kaburi lake, kama ambavyo klabu iliyonufaika na miguu yake haikuwa imetunza goti lake. Alipokuwa na uwezo wa kukimbia, kila mlango ulikuwa wazi kwake. Aliposhindwa kukimbia, waliobaki karibu naye walikuwa wachache, akiwamo Nílton Santos, beki aliyepigwa chenga siku ya kwanza akaamua kuwa rafiki.